Enka ya van Basten, na mdogo wako mwenye majaribio mwezi ujao

Swali: Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 19, ni straika, anacheza ligi ya mkoa hapa Morogoro. Miezi miwili iliyopita aliruka kupiga kichwa, akatua vibaya, enka ya kulia ikapindukia ndani. Eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika. Tangu hapo anacheza kwa kufungwa plasta, na kabla ya mechi kuna mtu wa timu anamchoma sindano. Mwezi ujao ana majaribio kwenye timu ya Ligi Kuu. Baba anamkataza, anasema hata Marco van Basten alimalizwa na enka. Kocha anasema van Basten alimalizwa na rafu za mabeki wa Italia, na kwa matibabu ya leo asingestaafu. Nani mkweli? Na mdogo wangu aende au asiende?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kabla ya yote, mdogo wako asicheze tena hata dakika moja kwa sindano mpaka kifundo hicho kipimwe upya. Habari ya majaribio nitaifikia. Nianze na ubishi wa hapo nyumbani, kwa sababu kisa cha van Basten kinasimuliwa nusunusu karibu kila kijiwe, na nusu inayoachwa ndiyo inayomhusu mdogo wako.

Wengi tunamkumbuka mshambuliaji huyu wa Uholanzi na AC Milan ya Italia kwa bao la fainali ya Ulaya ya 1988 dhidi ya Umoja wa Kisovyeti: krosi ndefu ya Arnold Mühren ikitoka kushoto, naye akaipiga ikiwa bado hewani, karibu kabisa na mstari wa mwisho upande wa kulia, ikampita kipa Dasayev. Uwanja ulikuwa Olympiastadion wa Munich. Kwenye uwanja huohuo, tarehe 26 Mei 1993, alicheza mechi yake ya mwisho ya ushindani, fainali ya Klabu Bingwa ambayo Milan ilifungwa 1-0 na Marseille. Alitolewa dakika za mwishoni. Alikuwa na miaka 28, ana Ballon d'Or tatu, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya (1988, 1989 na 1992), na miezi sita tu kabla yake alikuwa amewafunga IFK Göteborg mabao manne katika mechi moja. Alikaa miaka miwili akijaribu kurudi. Agosti 1995 akatangaza kutundika daluga, na Milan wakampa nafasi ya kuwaaga mashabiki San Siro. Akazunguka uwanja kwa nguo za kawaida, akipunga mkono, huku kocha wake Fabio Capello akilia kwenye benchi.

Sasa, nani alimvunja? Kocha wenu anasema mabeki. Ni kweli walimpiga. Mabeki wa enzi zile walikuwa na uhuru wa kumkata mtu kutoka nyuma na kuondoka na onyo la mdomo tu, na ndiyo maana kufikia Kombe la Dunia la 1998 rafu ya nyuma inayohatarisha usalama wa mchezaji ilikuwa imeandikwa waziwazi kuwa ya kadi nyekundu. Van Basten alikuwa mmoja wa wachezaji waliotajwa sana kwenye mjadala huo. Lakini jeraha lenyewe halikuanzia Italia. Lilianzia Uholanzi, Desemba 1986, klabu yake ya wakati huo, Ajax, ikicheza na Groningen. Siku hiyo van Basten ndiye aliyejitupa kumkaba Edwin Olde Riekerink. Aliyekaba ni yeye na aliyeumia ni yeye. Alikuwa na miaka 22.

Naomba usome kwa makini kilichofuata. Kocha wa Ajax wakati huo alikuwa Johan Cruyff, mtu ambaye van Basten alimheshimu kama mzazi wa mpira wake. Mechi ya kwanza kabisa ya van Basten kwa wakubwa, Aprili 1982, aliingia kuchukua nafasi ya Cruyff mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa bado mchezaji, na akafunga. Baada ya lile jeraha, kifundo kiliendelea kuuma. Kwa simulizi ya van Basten mwenyewe, daktari alisema kifundo hakiwezi kuharibika zaidi ya hapo, na Cruyff akaweka naye makubaliano: anaweza kuruka mazoezi na baadhi ya mechi za ligi, lakini mechi za Ulaya lazima acheze. Na akacheza. Tarehe 13 Mei 1987, mjini Athens, Ajax ilibeba Kombe la Washindi kwa kuifunga Lokomotive Leipzig 1-0. Mfungaji alikuwa van Basten, kwa kichwa, akiwa nahodha. Picha za siku ile ni nzuri mno.

Akahamia Milan kiangazi hicho. Kufikia Novemba alikuwa yuko juu ya meza ya operesheni. Msimu wake wa kwanza Italia alicheza mechi 11 tu za ligi.

Nimeufikiria mwaka ule 1987 mara nyingi katika kazi yangu. Sisemi kwamba angepumzishwa ule mwaka basi angecheza hadi miaka 35; hakuna mtaalamu mkweli anayeweza kuliapia hilo. Ninachosema ni kwamba kati ya siku aliyoumia na siku aliyotibiwa ipasavyo, kifundo kibovu kilibebeshwa karibu mwaka mzima wa kuruka, kugeuka na kukatwa. Waliomzunguka hawakuwa watu wabaya. Kulikuwa na fainali, kulikuwa na uhamisho, kulikuwa na kijana asiyetaka kukosa kimoja wala kingine, na kulikuwa na mtu wa kusema "haiwezi kuharibika zaidi". Ukiondoa Athens ukaweka majaribio ya Ligi Kuu, una mdogo wako.

Sentensi ile kwamba haiwezi kuharibika zaidi karibu kila mara ni ya uongo, na sababu iko kwenye umbile la kifundo chenyewe. Mfupa mdogo unaoitwa talasi umekaa katikati, umebanwa juu na pembeni na ncha za mifupa miwili ya mguu. Uso wake umefunikwa na gegedu, ngozi nyeupe, laini, yenye utelezi, unene wake ni milimita moja hadi mbili hivi. Juu ya gegedu hiyo ndipo uzito wote wa mwili unapotua, na mtu anapokimbia au kuruka uzito huo huzidi mara kadhaa. Enka ikipindukia ndani kwa nguvu, ligamenti za nje huchanika, hilo kila mtu analijua kwa sababu huvimba na kuwa jeusi. Kisichoonekana ni kwamba wakati huohuo talasi inaweza kugonga pembeni, na kipande cha gegedu, wakati mwingine pamoja na mfupa kidogo chini yake, kikapasuka au kunyanyuka.

Mfupa ukivunjika una damu, unaunga. Msuli una damu, unapona. Gegedu haina mishipa ya damu. Inalishwa na ute wa ndani ya kiungo tu. Ikipasuka haijengi gegedu mpya kama ile ya kuzaliwa. Kinachoziba pale ni kovu gumu lisilohimili kazi ileile, na ukiendelea kupakandamiza, kingo za lile tundu hubomoka kama lami ya barabara iliyoanza shimo. Kisha ligamenti zilizolegea huruhusu mfupa uteleze kidogo kila anapokata kona, na kila mtelezo unasaga. Ndiyo maana usagikaji wa kifundo ni tofauti na wa goti au nyonga: kwa wazee goti mara nyingi huisha kwa umri na uzito, kifundo mara nyingi huisha kwa sababu ya jeraha la ujanani.

Van Basten alipata miaka minne mitano mizuri baada ya operesheni ya 1987, na kwa hilo watu hudhani alipona. Alikuwa mfungaji bora wa Serie A mwaka 1990 kwa mabao 19 na 1992 kwa mabao 25. Mchezaji mwenye akili kubwa anaweza kuficha kifundo kibovu kwa muda mrefu, anajua pa kusimama, anakimbia kidogo, anapiga mguso mmoja. Kisha Desemba 1992 akafanyiwa operesheni nyingine, Uswisi, na hapo ndipo hali ilipogeuka. Yeye mwenyewe amesema hadharani kwamba hatimaye aliyemuumiza zaidi hakuwa beki bali daktari wa upasuaji. Sitaingia kuhukumu kazi ya mwenzetu ambaye hayupo hapa kujitetea. Nitasema tu kwamba kuchokonoa kiungo ambacho gegedu yake imekwisha kupungua ni kazi yenye hatari, na mchezaji anapokubali operesheni kwa haraka ya kuwahi mechi, anaingia akiwa dhaifu kuliko anavyojua.

Yaliyofuata hayasimuliwi sana kijiweni kwa sababu hayana bao. Operesheni nyingine, mwaka 1993. Kombe la Dunia la 1994 likapita bila yeye. Wakamfungia fremu ya chuma kuuzunguka mguu, vyuma vyembamba vikipenya hadi kwenye mfupa, ili kuvuta kiungo kiachane kidogo kwa matumaini kwamba gegedu itapata nafuu. Haikutosha. Amesimulia jinsi usiku alivyokuwa akitambaa kwa magoti na mikono kutoka kitandani hadi chooni, mtu aliyekuwa mshambuliaji bora duniani, na hajafika hata miaka 30. Mwishowe kifundo kiliunganishwa, yaani mifupa ikafungwa pamoja iwe kitu kimoja kisichopinda tena. Operesheni hiyo huondoa maumivu, na kwake ilimpa maisha ya kawaida. Amefundisha timu ya taifa ya Uholanzi, anacheza gofu. Lakini kifundo kilichounganishwa hakichezi mpira.

Kwa hiyo baba yenu ana haki, ingawa amefupisha. Kocha naye ana nusu ya haki kuhusu rafu. Anapokosea kabisa ni pale anaposema leo asingestaafu.

Tumepiga hatua, nisikunyime hilo. Leo tuna MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, inayoonyesha gegedu, tuna kamera ndogo inayoingia kwenye kiungo kwa tundu la nusu sentimita, tunajua kutoboa mfupa vitundu vidogo chini ya pengo la gegedu ili damu ije ijenge kovu bora, na kuna njia za kupandikiza gegedu. Hatujaweza kurudisha gegedu ya kuzaliwa. Mfano wa karibu ni Dean Ashton wa West Ham. Mei 2006 alifunga kwenye fainali ya Kombe la FA dhidi ya Liverpool. Agosti mwaka huohuo, akiwa na miaka 22, kwenye mazoezi ya timu ya taifa ya England, siku moja kabla ya mechi ambayo angeanza kuichezea nchi yake, alivunjika kifundo katika mkabano na mwenzake. Alikosa msimu mzima wa 2006/07. Akarudi, akafunga tena, Juni 2008 akavaa jezi ya England, na ikawa mara yake ya kwanza na ya mwisho. Septemba 2008 kifundo kikakataa tena. Desemba 2009 akastaafu, miaka 26. Huyo alikuwa kwenye ligi tajiri kuliko zote, na madaktari aliowahitaji walikuwapo.

Sisemi haya kukutisha. Enka nyingi zinazoteguka hazina mwisho huu. Harry Kane ameumia ligamenti za enka mara kadhaa, 2016, 2017, 2018 na mara mbili 2019, na bado anafunga. Ukiangalia ratiba yake, aliumia Januari 2019 na hakurudi uwanjani hadi kuelekea mwisho wa Februari, wakati timu yake ilikuwa inamhitaji kila wiki. Enka iliyoteguka na enka iliyopasuka gegedu zinavimba kwa namna moja siku ya kwanza. Tofauti inajulikana baadaye, kwa mtu anayetafuta.

Basi tumtafutie mdogo wako jibu. Jambo la kwanza ninalotaka kujua ni sindano. Muulize huyo mtu wa timu jina la dawa, na akisita, aonyeshe kichupa. Kuna tatu zinazotumika sana. Ya kwanza ni diklofenaki inayochomwa kwenye makalio. Hii hutuliza maumivu mwili mzima, haitibu kifundo, na ikizoeleka husumbua tumbo na figo, hasa kwa kijana anayetoka jasho juani. Ya pili ni ya ganzi, inayochomwa palepale panapouma. Hii ndiyo inayoniogopesha kuliko zote, kwa sababu maumivu ni kengele, na kuizima kwenye kiungo kinachobeba uzito ni kumruhusu asage asichokisikia kwa dakika tisini. Ya tatu ni ya steroidi, dawa kali ya kupunguza uvimbe. Mara moja, kwa sababu maalumu, mikononi mwa daktari, ina nafasi yake; ikirudiwarudiwa hudhoofisha ligamenti na gegedu yenyewe. Tena sindano za steroidi zimepigwa marufuku siku za mashindano na shirika la kupambana na dawa michezoni, WADA, tangu Januari 2022. Kijana anayeota Ligi Kuu asianze safari kwa kosa la namna hiyo, na mtu asiye tabibu hana ruhusa ya kumchoma yoyote kati ya hizo tatu.

Jambo la pili ni dalili. Mketishe, muulize bila baba wala kocha kuwepo, maana vijana hudanganya mbele yao. Je, maumivu yako ndani kabisa ya kifundo, hawezi kukuonyesha kwa kidole kimoja? Asubuhi baada ya mechi kunavimba? Kuna kitu kinakwama au kukatika ndani anapogeuza mguu? Enka inamsaliti hata anapotembea kwenye njia ya mawe? Ikiwa jibu ni ndiyo kwa mawili kati ya hayo baada ya miezi miwili, siridhiki na ile eksirei. Eksirei inatafuta mfupa uliovunjika, na kwa hilo ni nzuri. Siku ya kwanza kanuni tunayofuata, iliyotoka Ottawa huko Canada, ni kwamba mtu asiyeweza kupiga hatua nne, au anayeumia ukibonyeza nyuma ya vile vifundo viwili vya pembeni, apigwe picha. Ila gegedu haionekani kwenye eksirei, na kipande kidogo cha talasi hupita bila kuonekana mara nyingi. Muulize pia kama anaumia juu ya kifundo, kati ya mifupa miwili, unapomzungusha mguu kwenda nje. Hiyo ni ligamenti nyingine, ya juu, nayo huchelewa kupona kuliko zile za kawaida, na plasta ya uwanjani haiisaidii kitu.

Kwa Morogoro, aanzie hospitali ya rufaa ya mkoa aonwe na daktari wa mifupa, aombe eksirei ya kusimama, yaani akiwa amekanyaga chini kwa uzito wake, si ya kulala. Wakiona haja ya MRI watampa rufaa, na Dar es Salaam kuna MOI, taasisi ya mifupa, pale Muhimbili. Najua gharama ya MRI si ndogo kwa familia nyingi. Iombeni timu ichangie. Kama imepata fedha ya sindano kila wiki, basi ina mahali pa kuanzia. Wakati huohuo, asipelekwe kuchuliwa na kuvutwa mguu "urudi mahali pake". Enka iliyoteguka haijatoka mahali pake, na kuvuta ligamenti inayojaribu kuunga ni kuichana upya.

Ikionekana ni ligamenti tu, hapo nitafurahi, na kazi ni ya mazoezi. Kuinuka kwa vidole vya mguu mmoja mpaka mguu ulioumia ufikie idadi ya mzima, si pungufu. Kusimama kwa mguu mmoja, kwanza macho wazi, kisha amefumba, kisha anarushiwa mpira. Kurukaruka kwa mguu mmoja kwenda mbele na pembeni. Baada ya hapo kukimbia moja kwa moja, kukata kona, na mwisho kabisa mikabano. Mazoezi haya ya mizani pamoja na kufunga enka vizuri ndiyo yanayopunguza kuteguka tena, na kuteguka mara ya kwanza ndiko kunakotabiri kuteguka mara ya pili kuliko kitu kingine chochote. Plasta peke yake juu ya mguu usio na nguvu ni pambo. Kwa kijana aliyezembea miezi miwili, ategemee wiki sita hadi kumi na mbili za kazi ya kweli.

Ikionekana ni gegedu, muda unakuwa wa miezi, pengine minne hadi sita na kuzidi endapo atafanyiwa operesheni, na uamuzi huo ufanywe na daktari anayefanya vifundo mara kwa mara, bila tarehe ya mechi yoyote mezani.

Majaribio sasa. Asiende kucheza. Lakini asinyamaze pia, maana hapo ndipo vijana wengi wanapopotea, wanaogopa kusema wameumia wanahesabiwa watoro. Aliyemwita ampigie simu mapema, aseme ana jeraha la enka linalotibiwa, ataje wiki anazotarajia, aombe aangaliwe msimu ujao au dirisha dogo. Apeleke video za mechi zake za kabla ya kuumia. Makocha wa Ligi Kuu ninaowajua wana macho. Straika wa miaka 19 aliyewavutia hawatamsahau kwa miezi mitatu. Ambacho hawatakisahau pia ni straika aliyekuja kwa sindano, akakimbia dakika ishirini vizuri, kisha ganzi ikaisha mbele yao. Na hata wakimchukua siku hiyo, klabu makini itampima kabla ya kusaini, na kifundo kitasema.

Kocha wenu mwambieni kwa heshima, na aambiwe na baba, si na wewe wala kijana. Mzee asianze na van Basten, wataishia kubishana juu ya mabeki wa Italia hadi usiku. Aulize tu ni nani atasaini karatasi ya kubeba gharama endapo mguu huo utahitaji operesheni baada ya mechi ya Jumapili.

Akishapimwa, hakikisha anapewa majibu kwa maandishi na picha zote kwenye CD, na mzitunze nyumbani, si kwa meneja wa timu. Daktari yeyote atakayemwona baadaye atataka kulinganisha na za leo. Ukipata hayo majibu niandikie tena, uniambie na jina la ile sindano.